Kilichoguswa na Jua

Mwanzoni mwa Machi, inapotimu saa sita na nusu mchana, uani kwetu Ilala huwa hakuna kivuli cha maana. Ndoo imekalia kivuli chake yenyewe. Mwarobaini umekikusanya chake chote chini ya matawi. Mimi nimechuchumaa katikati ya ua, nimeshika vipande viwili vya kioo cha dirisha vilivyobanwa kwa vibanio vya nguo, na juu yake nimefunika kipande cha kaniki. Mpwa wangu yuko mlangoni na simu mkononi.

"Tayari, Anko?"

"Hesabu."

Navuta kaniki. Anahesabu kwa sauti kama anayechezesha kombolela, na anapotamka kumi na mbili nafunika tena na kukimbilia ndani kama mtu aliyekwapua kitu. Jirani anayeanua nguo zake keshanizoea. Siku za mwanzo aliuliza kama ni dawa.

Kati ya vile vioo kulikuwa na kibamba chenye ukubwa wa kitambulisho cha taifa, kimepakwa shaba upande mmoja. Juu ya shaba kulikuwa na utando mwembamba wa buluu, na juu ya utando karatasi ya plastiki iliyochapwa nyeusi kote isipokuwa mistari michache iliyoachwa wazi. Siku nne nilikuwa nimechora mistari hiyo kwenye kompyuta. Ni saketi ya kudhibiti joto la mashine ya kutotolesha vifaranga: ina kihisi joto, chipu moja ya miguu minane, rilei ya kuwasha na kuzima balbu, na vikorokoro vingine. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 za Selsiasi au karibu na hapo kwa siku 21, na waya zilizofungwa kwa mkono haziaminiki siku zote hizo. Kwa hiyo sekunde kumi na mbili za jua zilikuwa na kazi ya kugeuza mchoro kuwa waya.

Bodi ya saketi, hii ya kijani unayoiona ukifungua redio au chaja, haitengenezwi kwa kubandika waya juu ya ubao. Inatengenezwa kinyume chake. Ubao, ambao kwa kawaida ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, unene wake milimita 1.6, huja umefunikwa shaba uso mzima. Fundi anaondoa shaba asiyoitaka, na inayobaki ndiyo njia ya umeme. Shaba yenyewe ni nyembamba mno: unene wake wa kawaida ni mikromita 35, kama nusu ya unywele. Hakuna patasi ya kuchongea kitu hicho. Unaifunika ile unayotaka ibaki, kisha unatumbukiza ubao wote kwenye dawa inayokula shaba.

Aliyewahi kumwona mama wa batiki akichovya brashi kwenye nta ya moto ameshaelewa nusu ya sura hii. Nta inapokaa, rangi haipiti. Hapa dawa badala ya rangi, shaba badala ya kitambaa. Tofauti ni kwamba nta ya batiki hupakwa kwa mkono, na mkono hauwezi kuchora mistari miwili iliyoachana robo milimita bila kugusana. Mwanga unaweza. Kwa hiyo tunataka "nta" inayotii mwanga, yaani utando unaopakwa kote, halafu mwanga uamue upi ubaki na upi uoshwe.

Wazo hili ni kongwe kuliko redio, na ni kongwe kuliko taa ya umeme majumbani. Huko Saint-Loup-de-Varennes, kijiji cha Ufaransa, Nicéphore Niépce alikuwa akihangaika na lami. Ndiyo, lami, ndugu wa hii tunayomwaga barabarani. Aliyoitumia yeye iliitwa lami ya Yudea. Aliiyeyusha katika mafuta ya mlavenda, akaipaka juu ya bamba la madini, akaianika juani chini ya mchoro uliochapwa kwenye karatasi iliyotiwa mafuta ili ipitishe mwanga. Palipopigwa na jua lami iligandamana ikawa ngumu. Palipokingwa na wino ilibaki laini ikaoshwa kwa mafuta yaleyale. Asidi ikatiwa, ikala madini yaliyokuwa wazi. Alipata bamba la kuchapia picha.

Watu humkumbuka kwa jambo jingine. Mnamo 1826 au 1827 aliweka bamba la namna hiyo ndani ya kamera akaielekeza nje ya dirisha lake, na bamba hilo, lililoko sasa Austin, Texas, ndilo picha ya kamera ya kale zaidi iliyosalia duniani. Mimi kila nikisoma historia za upigaji picha naona zinamrukia haraka kwenye dirisha. Muda mrefu alikuwa anatafuta njia ya kuufanya mwanga uchonge madini. Picha ya harusi sebuleni ni mtoto wake, sawa, lakini bodi ya saketi ndiyo iliyorithi karakana.

Aliyeleta wazo hilo kwenye umeme kwa njia tunayoifuata hadi leo ni Paul Eisler. Alizaliwa Vienna mwaka 1907, akasomea uhandisi, na kwa kuwa alikuwa Myahudi milango ya kazi ikawa migumu kwake. Mwaka 1936 akakimbilia London. Huko alitengeneza redio ambayo waya zake zilikuwa zimechapwa kwenye ubao. Aliipeleka kwa watengenezaji wa vifaa, na kwa maelezo yake mwenyewe alijibiwa kwamba kazi ya kuunganisha waya inafanywa na wasichana, nao ni rahisi kuliko mtambo wake. Vita vilipoanza, Waingereza walimweka kizuizini kwa muda kama mtu wa nchi ya adui. Alipotoka akapata hifadhi katika kampuni ya uchapaji, na hapo ndipo palipomfaa, maana wachapaji walikwishajua kwa vizazi namna ya kupaka utando, kuumulika na kula madini kwa asidi. Ombi lake la hataza liliwasilishwa 1943. Jeshi la Marekani lilitumia saketi za kuchapwa katika fyuzi za makombora ya kutungulia ndege, na baada ya vita ufundi huo ukaachiwa viwanda vya kiraia.

Kutoka hapo kazi iliyobaki ilikuwa kupata utando bora kuliko lami. Kuna makabila mawili. La kwanza ni hasi: kilichoguswa na mwanga huwa kigumu na kubaki, kama lami ya Niépce. La pili ni chanya: kilichoguswa huwa laini na kuoshwa, na kilichokuwa kivulini ndicho kinachobaki. Utando chanya maarufu ulizaliwa Ujerumani, Wiesbaden, katika kampuni ya Kalle iliyokuwa ikitengeneza karatasi za kunakili ramani za wahandisi, na hadi leo ndugu zake wanatumika katika kutengeneza chipu. Mafundi wa nyumbani wa Ulaya walikuwa wakiupulizia kutoka kwenye kopo. Nimeujaribu mara tatu. Kopo linapuliza vizuri, lakini vumbi la Dar halina subira: unapuliza, unaweka gizani pakauke, unarudi na kukuta nywele ya paka imelala katikati ya mstari. Tena joto huuzeesha utando huo ukiwa bado dukani. Sikushauri.

Ninachotumia ni filamu kavu, kabila la hasi. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliileta sokoni 1968, na leo inatoka China kwa mikunjo, unaagiza mita moja au mbili, inakuja imefungwa kwa karatasi nyeusi. Kwa macho ni plastiki ya buluu iliyofifia. Kumbe ni tabaka tatu: utando wenyewe katikati, na ngozi mbili za plastiki nje, moja laini na moja ngumu. Ngozi laini huondolewa kabla ya kubandika. Ngozi ngumu hubaki hadi baada ya kumulika, kwa sababu inazuia oksijeni, na oksijeni huchelewesha utando kuwa mgumu. Kuzitenganisha kwa kucha ni kujitafutia hasira. Bandika kipande cha selotepu upande huu wa kona na kingine upande wa pili, vuta, ngozi inaachia.

Kazi hii hufanywa kwenye mwanga wa njano. Mimi nimefunika balbu kwa karatasi ya njano ya kufungia zawadi, na inatosha, kwa kuwa filamu haijali sana njano wala nyekundu. Inachokitambua ni zambarau na urujuanimno, ile miale iliyo nje kidogo ya upeo wa macho yetu. Kabla ya kubandika, shaba husuguliwa kwa stili waya laini na sabuni ya unga mpaka maji yakimwagwa yatandae bila kukatika. Yakijikusanya matone matone, bado kuna mafuta ya vidole, na hapo filamu itaachia baadaye, wakati usiofaa kabisa. Filamu inalazwa juu ya shaba, inasukumwa kwa kidole kutoka katikati ili hewa itoke, kisha inapitishwa kwenye mashine ya kulamineti vitambulisho. Kwa asiye na mashine, pasi ya nguo yenye moto wa hariri, na karatasi katikati.

Mchoro hutolewa steshenari yoyote yenye printa ya leza na karatasi za plastiki angavu. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza kubwa, na nimeona wengine wakilirudia. Wino wa leza hukaa upande mmoja wa plastiki. Unene wa plastiki ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na ukiweka upande usio na wino juu ya filamu, mwanga hupenyeza chini ya ukingo wa wino na mistari inavimba. Wino lazima uguse filamu. Sasa, ili wino uangalie chini, mchoro lazima uchapwe umegeuzwa kama kwenye kioo. Mimi nilikumbuka la kwanza nikasahau la pili. Bodi ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza, mistari imenyooka, na jina langu limeandikwa kinyumenyume. Chipu ilibidi niikunje miguu kwa koleo igeukie mgongoni, kama mende aliyepinduka. Ilifanya kazi. Ninayo bado.

Kosa jingine ni la steshenari yenyewe. Weusi wa printa nyingi si weusi kamili. Ukiinua karatasi kwenye dirisha utaona nyota. Kwa kabila la hasi kila nyota ni tone la shaba litakalobaki mahali pasipotakiwa, na tone moja kati ya mistari miwili linatosha kuunguza rilei. Chapisha nakala mbili, zipange moja juu ya nyingine mpaka mistari ilingane, zibane kwa selotepu. Nyota za karatasi mbili hazikutani mara nyingi.

Turudi uani, kwenye sekunde kumi na mbili. Vitabu vya ufundi huu viliandikwa na watu wenye masanduku ya taa. Taa ina faida moja: leo na kesho ni ileile. Lakini jua lina faida ambayo masanduku mengi hayana. Kutoka duniani jua linaonekana na upana wa nusu digrii tu, kwa hiyo miale yake inafika karibu sambamba, na kivuli chake kwa umbali mdogo ni kikali kama wembe. Sanduku lenye safu za balbu ndogo linamulika kutoka kila upande, na miale ya mshazari inaingia chini ya wino. Zaidi ya hayo jua halikatiki saa moja jioni ya Ijumaa ukiwa katikati ya kazi. Ama linakatika, tuseme, lakini kwa ratiba inayojulikana.

Tabu ya jua ni kujua limekupa kiasi gani. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu katikati ya Oktoba. Nilidhani misimu ndiyo ingenisumbua. Siyo. Hata Julai, saa sita na nusu jua liko juu vya kutosha, na ukiinamisha kibamba kulielekea hupotezi kitu kikubwa. Kinachovuruga hesabu ni saa yenyewe na mawingu. Saa kumi alasiri macho yanaona bado ni mchana mweupe, lakini urujuanimno umekwishapungua sana kwa kuchujwa na hewa nyingi zaidi, na wingu jembamba unaloliona kama moshi tu linaweza kukuibia sehemu nzuri ya mwanga bila kukuaga.

Aliyenifundisha namna ya kulipima ni mchapaji wa fulana, mzee mmoja ninayempitia Kariakoo. Wachapaji wa fulana hutumia ufundi huuhuu: fremu ya kitambaa inapakwa emalsheni, inawekewa mchoro, inaanikwa, inaoshwa. Nilimsalimia shikamoo, nikamweleza shida yangu, nikauliza yeye hujuaje muda. Akacheka.

"Kijana wangu, wewe unaanika bodi nzima bila kuonja? Pilau hujapika?"

Akanionyesha ukanda wa kitambaa wenye madoa matano, kila doa limekaa juani muda tofauti na lingine.

Nikarudi nyumbani nikakata kijibamba kirefu, nikakibandika filamu, nikaweka mchoro wa mistari inayofanana. Nikafunika kwa kadibodi na kuisogeza kidogo kila baada ya sekunde tatu, hadi ncha moja ikawa imeonja tatu na ya mwisho kumi na nane. Nikakiacha gizani robo saa, nikakiosha. Sehemu ya sekunde tatu iliondoka yote. Ya sita ilibaki kama utelezi wa bamia. Ya tisa mistari ilikuwepo, kingo zimelika. Ya kumi na mbili, safi. Ya kumi na nane, mistari imenenepa na nafasi kati yake zimeanza kuziba. Filamu nyingine na kioo kingine vingetoa namba nyingine. Cha kuchukua hapa ni ukanda, wala si kumi na mbili yangu.

Kuosha. Maelekezo ya filamu yanataka maji yenye asilimia moja ya kaboneti ya sodiamu, na hapa nilijisikia vibaya kuwa niliwahi kuiagiza kwa pesa, kwa sababu tunayo sokoni kwa mafungu. Magadi yanayochotwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, Magadi upande wa Kenya na Natron upande wetu, ni trona: kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zilizoshikana pamoja na maji. Ziwa Magadi huvunwa kibiashara tangu mwanzo wa karne iliyopita. Magadi yaliyosagwa ukiyakaanga kwenye kikaango kikavu cha chuma, maji na hewa ya ukaa hutoka na bikaboneti hugeuka kaboneti. Gramu 100 za trona safi hubaki kama 70. Ya sokoni si safi, yana mchanga na chumvi, kwa hiyo yayeyushe, yachuje kwa kitambaa, kisha ukaange. Gramu kumi kwa lita moja ya maji ya bomba, ambayo hapa Dar hayahitaji kupashwa moto.

Vua ngozi ngumu kwanza. Narudia, kwa kuwa kila mtu husahau mara moja: vua ngozi ngumu. Nilikaa dakika ishirini nikitikisa bakuli na kulaani magadi, kumbe maji hayajawahi kugusa filamu.

Ngozi ikitoka, tumbukiza, tikisa, pitisha brashi laini. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu ile buluu iliyokuwa chini ya wino inapauka, inakuwa telezi, maji yanachafuka, na shaba inaanza kuchomoza kwa rangi yake ya machweo. Mistari iliyoguswa na jua inabaki, na sasa buluu yake imekolea kuliko mwanzo. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida hainui macho kwenye simu, huiacha mezani kwa dakika hizo.

Dawa ya kula shaba ninayotumia ni kloridi ya chuma, rangi yake kama chai ya mkandaa iliyochemka kupita kiasi. Inadoa kila kitu. Iwekwe kwenye chombo cha plastiki, kamwe isiwekwe kwenye sufuria ya aluminiamu, maana itaila sufuria kwa povu na moto. Bakuli likielea ndani ya beseni la maji ya moto, kazi huchukua kama robo saa. Likiwa baridi, unaweza kwenda kuswali ukarudi. Tikisa muda wote na usizidishe, kwa kuwa dawa haili kwenda chini tu, hula pia kwenda ubavuni chini ya filamu. Shaba ya mwisho kutoka ni ile ya katikati ya nafasi pana. Inapotoweka, ubao unapitisha mwanga na njia zako zinaonekana kama mishipa ya jani.

Filamu iliyobaki huondolewa kwa kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, gramu thelathini kwa lita, glavu mkononi na miwani machoni. Halafu matundu, kwa keekee ya umeme na biti ya milimita 0.8 inayovunjika ukipumua vibaya. Vumbi lake ni kioo kilichosagika. Lowesha ubao, funika pua.

Dawa iliyochoka ina shaba, na shaba hiyo inaua samaki na mimea. Haimwagwi mtaroni wala shimoni. Naitia magadi kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu. Shaba na chuma vinashuka chini kama tope, maji ya juu yanang'aa. Tope nalikausha na kulifungia kwenye kopo lenye maandishi. Ninayo makopo matatu chini ya ngazi, nayo ni sehemu ya bei ya kazi hii ambayo hakuna muuzaji anayekutajia. Waliozoea emalsheni za zamani zenye dikromati wana tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa kromiamu yake husababisha saratani.

Mtu ataniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini nisiagize. Viwanda vya China vinatengeneza bodi tano kwa bei ya chakula cha mchana, zimetobolewa na kupakwa kijani. Naagiza. Nikihitaji kumi zinazofanana, naagiza. Lakini bodi ya kwanza ya saketi yoyote ina kosa ndani yake, na kosa hilo ningependa nilijue leo jioni kuliko nilisubiri lipande ndege na kupita forodhani. Ile ya mashine ya vifaranga ilikuwa na makosa mawili. Niligundua saa mbili usiku, nikachora upya, na kesho yake saa sita na nusu tulikuwa uani tena.

Ya pili ndiyo iliyofungwa kwenye sanduku la mayai. Usiku rilei yake inalia tak, balbu inawaka, baada ya dakika chache tak, inazimika. Vijibamba vya kuonjea tumevipigilia ukutani juu ya meza, kila kimoja na tarehe, saa na hali ya mawingu kwa kalamu ya mpwa wangu. Cha Julai kinasema kumi na nne. Cha saa kumi alasiri amekiandika "hapana" tu, bila namba.